Chuma cha Kurudia Nyumbani

Siku mume wangu Kimeu alipoamua kupika chuma, alihamia stoo ya mahindi. Alibeba godoro, mto na redio yake, akaniambia kwa adabu zote kwamba si kwa ubaya, ila katika ukoo wao mtu anayepika chuma halali na mkewe, na mke mwenyewe hapiti karibu na tanuri mpaka kazi iishe. Nikamwuliza iwapo mke huyo anaruhusiwa kumsongea ugali mpika chuma. Akafikiri kidogo, akasema ugali hauna neno.

Mimi ni mwepesi wa hasira, Kikoneni nzima inajua, na wala sijitetei. Nililetwa hapa kutoka Kibwezi nikiwa msichana, na tangu hapo sijamwona mtu huyu akilala popote ila ubavuni kwangu, hata siku tulizonuniana. Ningeweza kuitupa ile redio nje. Lakini nilinyamaza, kwa sababu nilijua chuma chenyewe ni cha nini.

Kwa akina Kimeu, ambao ni wahunzi tangu babu wa babu zao wakiwa Ukambani, binti hatoki kwao mikono mitupu. Siku ya kusindikizwa, baba humpa kisu kidogo alichokifua mwenyewe, kwa chuma alichokipika mwenyewe kutoka mchangani, na humwambia mbele ya wakwe kwamba chuma hiki kimetoka katika moto wa kwenu, na moto wa kwenu haujazimwa. Maana yake haifichiki. Mambo yakikushinda huko uendako, rudi, na hakuna atakayekuuliza umefuata nini.

Kimeu husimulia habari za chuma hicho kana kwamba alikuwapo. Mvua kubwa ikishanyesha, wanawake walishuka mtoni kukusanya mchanga mweusi. Waliuosha ndani ya vibuyu mpaka ule mwepesi ukaenda na maji na mzito ukabaki. Wanaume walijenga tanuri la udongo, wakalijaza makaa na mchanga, tabaka juu ya tabaka, wakavukuta kwa mivukuto ya ngozi ya mbuzi tangu asubuhi mpaka jua lilipopinda. Mwisho walilibomoa tanuri na kutoa bonge la chuma, na katika bonge hilo yakatoka majembe, mishale, na mikufu myembamba ambayo watu walisafiri mbali kuja kuibadilisha kwa mbuzi. Halafu ikaja reli na vyuma chakavu. Yakaja malori na springi zake. Mhunzi gani mwenye akili zake atahangaika na mchanga wakati springi ya lori imelala kando ya barabara inamngoja? Baba yake Kimeu, aliyehamia hapa Kwale kutafuta shamba, alifua vizuri kuliko wote, lakini maisha yake yote hakupika chuma hata cha kutengenezea sindano.

Hapo ndipo kisa kinapouma. Baba huyo alikuwa na binti mkubwa, Ndulu, dada yake Kimeu. Ndulu alipoolewa, mzee aliona aibu kumpa kisu cha springi na kutamka yale maneno juu yake, basi hakumpa kitu. Mume akawa mtu wa mikono, wa kumpiga. Kimeu, ambaye wakati huo alikuwa kijana tu, alikwenda kumchukua dada yake arudi nyumbani, na dada akamjibu kwamba hana chuma, atarudi na nini. Alifia huko huko. Kimeu alinihadithia jambo hilo mara moja, akiwa anachonga mpini wa jembe, na hakuinua uso mpaka alipomaliza. Sijawahi kumwomba arudie.

Sasa ilikuwa zamu ya Mbula wetu. Ni binti yetu wa pekee, yuko mapokezi katika hoteli moja ya Diani, na huko ndiko alikokutana na Chome, fundi wa mafriji, kijana wa Waa. Ni kijana mpole, anaamkia vizuri, na akila hasemi. Mimi nilimpenda siku ya kwanza. Kimeu naye alimpenda, lakini aliniambia kwamba hata yule mume wa Ndulu alipendwa siku ya kwanza. Siku ya kumsindikiza Mbula ilipopangwa, akatangaza kwamba mtoto wake hatatoka bila chuma cha kwao, na kwamba springi za lori zisitajwe.

Aliyenitia wasiwasi zaidi ni mama yake Chome. Alikuja kututembelea akiwa na kanga zake mpya na heshima zake zote za pwani, tukaulizana hali mpaka hali zenyewe zikaisha, na aliposikia habari za kisu akaweka kikombe chini.

"Kisu, mama Mbula? Siku ya harusi?"

Alisema kwao bibi harusi hupewa dhahabu, au kanga, au hata sufuria, lakini kitu cha kukata hakiingizwi katika nyumba inayojengwa. Nilimjibu kwa upole uliokuwa umeniisha kooni. Alipoondoka nilimwita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa, nikayasema kwa Kikamba ili kuku wa pwani wasielewe.

Kimeu hakuona tatizo lolote la mchanga. Alikuwa dereva wa tingatinga katika kampuni ya mchanga miaka mingi, mpaka kampuni ilipomaliza mchanga wake na kufunga. Alipenda kazi ile kupita kiasi. Mjukuu wa wahunzi anasukuma vilima vizima vya mchanga mweusi wenye chuma ndani! Akirudi nyumbani alikuwa akikung'uta suruali yake mlangoni kwangu kama mtu anayeniletea zawadi. Kisha Mbula akaja likizo, akasoma kwenye simu yake kwamba sehemu kubwa ya mchanga ule mweusi, ukishafika ng'ambo, hugeuzwa rangi nyeupe ya kupaka kuta. Kimeu aliinuka, akaenda kuugusa ukuta wa sebule yetu, ambao ni mweupe, akasimama pale kwa muda. Nilicheka mpaka nikaketi chini, halafu nikaona uso wake nikaacha kucheka. Miaka yote ile na hakuwahi kuona hata msumari mmoja uliotoka katika mchanga wake.

Basi alikwenda upande wa chini wa machimbo yale ya zamani, huko mvua inakoacha michirizi myeusi kwenye mitaro ya barabara, akajaza magunia. Aliuosha mchanga katika karai mpaka ukawa mweusi tii, akauanika juu ya turubai langu la mahindi bila kuniuliza. Alijenga tanuri nyuma ya mihogo, kimo cha kifua chake. Mivukuto aliishona mwenyewe kwa ngozi mbili za mbuzi. Chome alijitolea kumletea feni ya umeme, akashukuriwa na kukataliwa. Msaidizi wake akawa Musyoki, binamu yake, mwanamume mnene ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuvukuta na kulalamika.

Mimi nilikatazwa kupita karibu. Jicho halikukatazwa, na choo chetu kina tundu linalotazama mihogo. Niliona moto ukipanda mpaka ukawa mweupe, nikamwona mume wangu akiongeza makaa na mchanga kwa zamu, amejifunga shuka kiunoni, uso umemwiva, na nikasahau kwamba nimemkasirikia. Alikuwa mzuri. Kuna wakati mtu unamjua mpaka huoni tena uso wake, kisha siku moja anasimama mbele ya moto, ukamwona upya.

Kilichotoka hakikuwa chuma. Kilikuwa kitu cheusi, kizito, cha kung'aa, na alipokigonga kwa nyundo kilivunjika vipande kama chupa. Mavi ya chuma, alisema Musyoki, na chuma chenyewe hakipo. Kimeu akasema makosa ni ya makaa, kwa kuwa alitumia ya vifuu. Akatafuta makaa ya mvinje, ambayo yana moto mkali, akajenga tanuri upya. Safari hii ule uchafu ulioyeyuka ulikataa hata kutoka, ukaganda ndani kama uji ulioungua, ukaziba njia ya upepo, na tanuri likafa. Musyoki akasema mgongo umemshinda, akaenda zake Kinondo kulinda nyumba za wageni.

Jioni hiyo Kimeu alikuja mlangoni mwa jikoni, akasimama akizungusha kofia mkononi. Aliniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama labda, kwa bahati mbaya tu, nilipita karibu na tanuri.

Nilimpakulia ugali nikauweka chini mbele yake. Naujua uchungu wake, lakini na mimi nina wangu. Alikula amenipa mgongo. Mabega yake yalikuwa yameshuka, na nikaona kwamba hawezi tena kulaumu makaa, na kwamba kama si mimi, basi itabidi ajilaumu mwenyewe. Siku ya Mbula ilikuwa imekaribia. Hasira ikanitoka, nikabaki na huruma, jambo ambalo huwa linanikasirisha zaidi.

Kesho yake nilipeleka mahindi kwenye kisiagi cha Abdulwahab. Hapo Kikoneni wanaume hawaji kisiagini ila wakiachwa na wake zao, kwa hiyo kuna mambo ambayo wanawake wote tunayajua na hakuna mwanamume anayeyajua. Moja ni hili: mdomoni mwa mashine, mahali mahindi yanapomiminika, Abdulwahab amefunga sumaku kubwa ya kunasa misumari na vipande vya waya visiharibu mashine. Kila akimaliza gunia, huichomoa na kuipangusa.

Mbele yangu alikuwa Bi Twaiba, jirani ambaye shamba lake liko kando ya kijito kinachoshuka kutoka upande wa kilima cha Jombo. Mahindi yake yalipokwisha, Abdulwahab alichomoa sumaku, na sumaku ilikuwa imeota ndevu. Ni mchanga mweusi, mwembamba, umesimama wima punje kwa punje. Abdulwahab akanung'unika kama anavyonung'unika kila msimu, kwamba Bi Twaiba anawalisha wajukuu wake mtaro. Bi Twaiba akamjibu kama anavyomjibu kila msimu, kwamba uwanja wake wote ni mchanga huo, uko hata masikioni mwa hao wajukuu, na hakuna aliyewahi kufa kwa sababu yake.

Yakaingia mahindi yangu. Yalikuwa yameanikwa juu ya turubai ambalo Kimeu alikuwa amelijaza mchanga wake, na asubuhi yote nilikuwa nimepepeta huku nikimsema, na bado yalikuwa na madoa meusi kila mahali. Abdulwahab aliyatazama akaniambia nimemzidi hata Bi Twaiba. Kisha akachomoa sumaku. Ilikuwa na upara. Punje chache tu zilikuwa zimeng'ang'ania pembeni, na mchanga wote uliobaki ulikuwa umepita ukaingia kwenye unga wangu.

Nilisimama pale nikiishika ile sumaku mpaka aliyekuwa nyuma yangu akaniomba nisogee. Mchanga wa mume wangu ulikuwa mweusi kuliko wa Bi Twaiba, na sumaku haikuutaka. Hata mimi niliyeishia darasa la saba najua sumaku hutaka nini. Nilimwomba Abdulwahab aniazime, nikafunga ndevu za Bi Twaiba katika ncha ya leso, nikauacha unga wangu pale pale.

Nilipofika kwenye mihogo Kimeu aliniona, akainua mkono nisimame. Sikusimama. Nilivuka mpaka wake wote, nikapiga magoti kando ya lile tanuri lililokufa, nikamwaga mchanga wake upande huu na wa Bi Twaiba upande huu, nikampa sumaku mkononi. Alitaka kunigombeza. Midomo ilikuwa imeshafunguka. Akaipitisha sumaku juu ya mchanga wake, ukajitingisha kidogo ukabaki chini. Akaipitisha juu ya ule wa Bi Twaiba, ukaruka. Akarudia, kisha akarudia tena, kama mtoto aliyepewa kitu cha kuchezea.

Alikaa juu ya fuawe. Alisema kazini waliwaambia kwamba mchanga ule mweusi una chuma na madini ya titani pamoja, na yeye alisikia chuma, hakusikia pamoja. Titani imemkumbatia chuma, na moto wa makaa na ngozi ya mbuzi hauwezi kuwaachanisha. Nikasema kumbe nao wameoana. Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu ahamie stoo.

Halafu akasema jambo ambalo nadhani lilimwuma. "Bibi zetu walijua ni mchanga wa kona ipi ya mto. Sisi wanaume tulirithishana tanuri tu. Hakuna aliyewauliza wanawake waliufuata wapi, kwa sababu hawakutakiwa kukaribia."

Tulikwenda kwa Bi Twaiba. Mbula alikuja kwa siku zake za mapumziko, Chome akatuletea sumaku za spika mbovu za hotelini, tukazifunga vitambaa. Ukiipitisha sumaku juu ya mchanga wa kijito, ndevu zinaota, kisha ukivua kitambaa zinaanguka ndani ya beseni. Ni kazi rahisi na ya kuchosha, na tuliifanya wanawake watatu tumechutama ndani ya kijito, Bi Twaiba akitusengenyea nusu ya Kikoneni na Mbula akicheka mpaka maji yanamwingia puani. Wakati mmoja nilimtazama mwanangu, sketi ameikunja, kucha za rangi ya hoteli zimejaa matope, nikajisikia nataka kulia. Sikulia. Nilimwambia anachota ovyo.

Kimeu alijenga tanuri jipya, akaanika udongo wake. Asubuhi ya kupika, akasimama katikati ya mivukuto miwili akiitazama. Mmoja ulikuwa wa mkono wake. Mwingine ulikuwa wa Musyoki, na Musyoki alikuwa Kinondo. Chome alikuwa kazini. Nikajifunga leso kiunoni, nikaingia.

Akanizuia kwa mkono, hakunigusa. Hakuwa mkali. Alikuwa anaogopa.

"Mama Mbula, mchanga ni sawa, mchanga siku zote ni wa wanawake. Lakini ukiingia humu motoni, chuma kitakachotoka si kile. Nitampa mtoto kitu kisicho na maana yake."

Mimi huwa nina maneno mengi. Siku hiyo nilikuwa na machache, na nilikuwa nimeyabeba muda mrefu.

"Baba Mbula, Ndulu alizuiwa na nani kurudi? Yule mwanamume hakumfungia mlango. Wewe ulikwenda, ulimshika mkono, njia ilikuwa wazi. Kilichomzuia ni desturi hii hii."

Kuku walikuwa wakiparua kwenye majivu, nikawasikia kila ukucha. Niliogopa kwamba nimemvunja, na kwamba hataniambia tena habari za dada yake, wala habari yoyote. Kisha akainama, akauvuta ule mvukuto wa Musyoki karibu na mguu wangu, akauelekeza mdomo wake vizuri kwenye mrija wa udongo.

"Usivute kwa pupa," akasema. "Mmoja ukipanda, mwingine ushuke. Moto haupendi kuachwa bila pumzi."

Tulivukuta. Sitadanganya kwamba ilikuwa raha. Mikono iliota malengelenge, moshi ulinikausha macho, na nilimtukana Musyoki kwa kila pumzi. Lakini baada ya muda mikono yetu ilipatana, yangu ikipanda yake ikishuka, na hatukuhitaji tena kusemezana. Kimeu aliongeza makaa, akaongeza mchanga, akachungulia tunduni. Adhuhuri ilipopita alitoboa tanuri chini, na ule uchafu ukatoka wenyewe, mwekundu, laini, ukatiririka kwenye majani. Akanitazama. Sikumjua machoni, alikuwa kama kijana aliyenijia Kibwezi.

Tulipolibomoa tanuri, kilikuwapo kitu. Hakikuwa kizuri. Kilikuwa bonge lenye matundu, la kijivu, limejaa makaa, ungelidhani ni mkate ulioharibika. Kimeu alilishika kwa koleo, akaanza kuligonga taratibu kwa gogo, si kwa nyundo, akilirudisha motoni kila lilipofifia. Likameguka upande. Likameguka tena. Kila kipande kilichoanguka niliziba mdomo. Nilikuwa na hakika litaisha lote, na mwanangu ataondoka kama Ndulu alivyoondoka. Lakini katikati palikuwa na sehemu iliyokataa kuvunjika. Alipochukua nyundo akaipiga, haikulia kama chupa. Ililia kama chuma. Kimeu akaweka nyundo chini, akanikumbatia na masizi yake yote, mchana kweupe, na Bi Twaiba anatazama kutoka njiani.

Usiku huo godoro lilirudi ndani. Redio niliiacha stoo.

Kisu alichokifua kilikuwa kidogo, urefu wa kidole changu cha kati, na ubapa wake ulikuwa na mistari kama ya mbao. Mpini alichonga wa mkwaju. Kilikata kamba ya katani, nikaridhika.

Siku ya kusindikizwa uwanja wetu ulijaa. Walikuja watu wa Waa kwa magari mawili, na nyimbo, na mama yake Chome mbele katika kanga zilizopigwa pasi mpaka zinasimama zenyewe. Tulipika pilau, tulipika na muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, kila mtu akala cha mwenzake akajifanya amezoea. Saa ya kutoa kisu ilipofika Kimeu alisimama na suti yake ya kanisani, Mbula akapiga magoti mbele yake, watu wakanyamaza. Kimeu akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Akafungua tena, akanitazama mimi.

Kwa desturi maneno yale husemwa na baba. Nilisogea, nikaweka mkono wangu juu ya mkono wake uliokishika kisu, nikayasema mimi. Nilisema chuma hiki kimetoka katika moto wa kwenu, na moto wa kwenu haujazimwa. Kisha, kwa kuwa wageni hawakujua, ikabidi niwafafanulie. Nilisema maana yake ni kwamba Mbula akishindwa huko aendako, akitukanwa, akipigwa, ana njia ya kurudi, na hatutamwuliza neno. Nikayasema wazi, nikimtazama mama yake Chome, kwa sababu nilijua yeye ndiye atakayechukia, na nilitaka achukie mbele yangu.

Mtu mmoja wa Waa alikohoa. Kwa kweli ni maneno mazito kumwambia mtu aliyekuja kwa nyimbo kumchukua binti yako. Chome alitazama chini.

Mama yake Chome alinyoosha mkono akaomba akione. Kimeu akampa. Alikigeuza upande huu na upande huu, akaupitisha ukucha juu ya ile mistari, akakaa nacho muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Mimi nilirudi kwetu," akasema. Hakuwa anamwambia mtu yeyote hasa. "Nilirudi usiku na mtoto mgongoni, mdomo umevimba. Baba yangu alinipa maji ya kunywa, kukicha akanirudisha njia ile ile. Alisema hakuna alichonipa cha kunirudisha nyumbani kwake."

Mtoto wa mgongoni alikuwa Chome. Nilijua kwa jinsi alivyoinua kichwa, na nikajua pia kwamba alikuwa hajawahi kuisikia habari hiyo.

Mama yake akamwendea Mbula. Alipiga magoti pale vumbini na zile kanga zake, akakiweka kisu katika viganja vya Mbula, akavifumba kwa mikono yake yote miwili. Kisha akamgeukia mwanawe, bila kupandisha sauti.

"Chome, mwanangu, nakupenda. Siku ukimwinulia mkono, nitamsindikiza mimi mwenyewe mpaka mlango huu, na sitarudi kwako."

"Nimesikia, mama," Chome akasema.

Wanawake wa Waa wakapiga vigelegele, wa kwetu wakadakia. Mimi nilikwenda kumwinua mama yake Chome kutoka vumbini, tukajikuta tumeshikana na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuachia. Kimeu alikuwa ameinama kando yetu, ametupa mgongo, anafunga kamba za viatu. Alizifunga kwa muda mrefu sana. Viatu vyake siku hiyo havikuwa na kamba.